Salamu Isiyojibiwa: "Jambo Bwana" kwa Nyuzi Nne Chini ya Kibo

Katika mabaraza ya washairi wa mwambao, wimbo wa "Jambo Bwana" hautajwi ila kwa kukejeliwa. Huitwa wimbo wa hoteli, wimbo wa watalii, wimbo wa watu wasiojua kuamkiana. Aliyelelewa katika shairi la mizani kumi na sita kwa kila mshororo, na sikio lake likazoea udi na ganuni, huusikia ukipigwa kando ya bwawa la kuogelea akageuza uso. Lawama hizo hazikutoka hewani. Lakini lawama isiyokichungua kile inachokilaumu ni uvivu wa fikra, na wimbo ulioimbwa kwa zaidi ya miaka arobaini, pwani na bara, na wajuao lugha na wasioijua, unastahili walau mara moja kuwekwa mezani na kusomwa kama yasomwavyo mashairi.

Makala haya yanauhamisha wimbo huo mbali na bahari, mpaka Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, ambako umejipatia maskani ya pili vinywani mwa wapagazi na waongozaji wa mlima. Huko yanaupima kwa chombo kidogo kabisa miongoni mwa vyombo viwezavyo kuubeba, nacho ni ukulele. Sababu ya kukichagua chombo hicho itadhihirika mbele.

Kwanza asili. Wapo wengi wanaodhani kuwa wimbo huu ni wa kale na hauna mwenyewe, mfano wa nyimbo za kubembelezea watoto. Sivyo. Mtunzi wake ni Teddy Kalanda Harrison, wa bendi ya Them Mushrooms, kundi la ndugu wa pwani ya Kenya waliojijengea jina kwa kupiga muziki katika hoteli za kitalii za mwambao, wakichanganya chakacha, rege na miondoko mingineyo. Wimbo ulitolewa katika sahani mwaka 1982. Mwaka uliofuata, 1983, kundi la Boney M., lililoundwa Ujerumani, liliurekodi upya kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata", na tangu hapo umeimbwa na bendi nyingi, kila moja ikipunguza hapa na kuongeza pale. Kwa hiyo wimbo una baba anayejulikana, una mwaka wa kuzaliwa, na una kazi uliyozaliwa kuifanya: kumpokea mgeni anayelipa.

Hapa pana jambo la historia ambalo wahakiki hawalitilii maanani. Wimbo ulipotoka, mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka ukafungwa mwaka huohuo, usifunguliwe hadi Novemba 1983. Mstari wa mpaka huo unapita chini ya Kilimanjaro kwenyewe: Taveta upande mmoja, Holili upande wa pili, na mji wa Moshi si mbali kutoka hapo. Basi wimbo unaomkaribisha mgeni wa mbali "kwetu" ulizaliwa katika siku ambazo jirani wa karibu hakuweza kuvuka akamjulia hali jirani yake. Mlango wa ndege ulikuwa wazi, mlango wa uani umetiwa komeo. Hilo si kosa la mtunzi. Lakini msomaji akilijua, furaha ya wimbo haimwingii tena kwa wepesi uleule.

Sasa lugha. Lawama kuu ya watu wa visiwani iko kwenye neno la kwanza. Mswahili haamkii kwa "jambo". Huuliza "Hujambo?", naye muulizwa akajibu "Sijambo". Asili ya neno hilo ni kukanusha: huna jambo? yaani, hakuna lililokusibu? Na jibu ni kukanusha vilevile: sina jambo. Heri, katika maamkizi hayo, hutajwa kwa kuiondoa shari. Ukikata kiambishi cha mbele, likabaki "jambo" peke yake, umeondoa ule ukanushi, na kilichosalia ni lile lile lililokuwa likikanushwa. Mgeni anayefundishwa kusema "Jambo!" kwa tabasamu, kwa maana ya kamusi, anamwambia mwenyeji wake kwamba pana jambo.

Lakini mfasiri akilitazama jina lile ambalo Boney M. waliupa wimbo, "Jambo – Hakuna Matata", ataona kuwa ukanushi uliokosekana upande mmoja umelipwa upande wa pili. "Matata" ni neno la ukoo mkubwa: tata, utata, tatizo, tatiza. Ndani yake mna picha ya uzi uliosokoteka ukashindwa kufumuliwa, na ndiyo maana kinyume chake ni "tatua", kufungua kilichofungana. Anayesema hakuna matata anasema nyuzi zimenyooka. Kwa hiyo kati ya neno la kwanza na la mwisho la jina hilo maamkizi ya Kiswahili yametimia, ila yametimia kwa kuzunguka: jambo limetajwa, kisha limekanushwa. Hii haifanyi wimbo kuwa utenzi. Inaonyesha tu kwamba hata katika Kiswahili kilichopunguzwa kwa ajili ya masikio ya wageni, mifupa ya lugha haikuvunjika yote.

Lawama ya pili ni ya sarufi. Jibu la swali la habari, katika wimbo huu, limepewa kiambishi cha mtu badala ya kile cha ngeli ya habari. Mwalimu wa darasa la nne angelitia alama nyekundu. Lakini mshairi hana budi kuuliza: kosa hilo linasema nini? Linasema kwamba anayejibu ameacha kuzungumzia habari zake, akajizungumzia mwenyewe. Hakusema mambo yake ni mema. Amesema yeye ndiye mwema. Ni kosa, na katika kosa hilo mtu ameingia pale palipokuwa pa habari. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeutoa ushairi misikitini akaupeleka sokoni, washairi wa Kiswahili wameruhusiwa kupinda neno pale maana inapodai. Tofauti ni kwamba Muyaka alipinda kwa kujua.

Lawama ya tatu haisemwi sana, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Katika wimbo huu sauti ni moja. Mwimbaji huamkia, huuliza habari, kisha hujibu mwenyewe kwa niaba ya aliyeulizwa, halafu huwaambia wageni kuwa wamekaribishwa. Mgeni hakupewa nafasi ya kufungua kinywa, na kwa sababu hakufungua kinywa, hakupata wasaa wa kurudisha swali. Maamkizi ya Kiswahili ni mchezo wa watu wawili, kama bao. U hali gani? Mzima, sijui wewe? Watoto? Wazima. Na huko? Nako salama. Kila swali hurejea kwa aliyelitoa. Katika "Jambo Bwana" swali limetoka kwa mwenyeji na halikurudi kwake kamwe. Hakuna anayemuuliza mwenyeji habari zake. Ni nusu ya salamu, na nusu iliyokosekana ni ile inayomhusu anayeimba.

Na lau mila ingefuatwa, mambo yangekuwa kinyume zaidi. Mpagazi mzoefu au mpishi wa msafara huenda akawa na umri wa baba wa mtalii anayemwimbia. Katika hali ya kawaida kijana ndiye angetangulia kusema "Shikamoo", neno lililobeba ndani yake picha ya kushika miguu ya mkubwa, naye mkubwa angeitikia "Marahaba". "Jambo" halina umri. Ndiyo faraja yake kwa mgeni asiyejua aanzie wapi, na ndiyo hasara yake kwa mzee anayestahiki kuanzwa.

Hapa ndipo mlima unapoingia. Katika miteremko ya Kilimanjaro wimbo huu umepandikizwa upya. Jina la nchi limeondolewa, mahali pake likatiwa jina la mlima, na waimbaji huongeza majina ya vilele na ya vituo vya njiani kadiri safari inavyowadia. Huimbwa asubuhi kambini kabla ya kuanza mwendo, na huimbwa siku ya mwisho, wakati wa kuagana, pale wageni wanapotoa bakshishi, au tipu kama inavyoitwa Moshi. Pamoja nao huimbwa wimbo mwingine wa wapagazi, ule unaoutaja mlima kwa jina lake na kumwingiza nyoka anayemzunguka mtu njiani. Mmoja huanzisha, wengine wakaitikia kwa makofi. Kwa umbo hilo la mwanzilishi na waitikiaji, wimbo uliotungwa kwa ajili ya bendi ya umeme umerejeshwa katika fani ambayo vijiji vya Uchagani, kama vijiji vya pwani, vimeijua tangu zamani: fani ya nyimbo za kazi, ambamo sauti moja haiwezi kusimama bila ya nyingine.

Badiliko hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Kule hotelini kiitikio kiliimbwa na wanamuziki jukwaani, na msikilizaji alikuwa mezani. Mlimani waitikiaji ni wenzake mwanzilishi, waliobeba mahema, mitungi ya gesi, viti na chakula. Wanapoitikiana, kwa dakika chache wao kwa wao ndio wanaoamkiana, na mgeni ni shahidi. Nusu ya salamu iliyokosekana inaanza kujitokeza, ingawa maneno hayakubadilika.

Pana na hoja ya pumzi, ambayo mshairi wa kisiwani hana budi kuizingatia. Mshororo wa shairi la tarbia una mizani kumi na sita, na kituo katikati baada ya mizani minane. Mkato huo umepimwa kwa kifua cha mtu aliye usawa wa bahari. Mji wa Moshi hauzidi sana mita 800 juu ya bahari, lakini njia ya Marangu huanzia lango lililo karibu na mita 1,900, hupita kibanda cha Mandara kwenye mita 2,700 na ushei, kisha Horombo kwenye mita 3,720, kisha Kibo kwenye takriban mita 4,700, mpaka kilele cha Uhuru, mita 5,895. Juu kule kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya ufukweni. Hakuna ajuaye kughani atakayeimaliza beti ya tarbia pale bila ya kuvuta pumzi mahali pasipo na kituo. Lakini vipande vya "Jambo Bwana" ni vifupi mno. Jina lenyewe lina mizani minne tu. Ufupi ule uliodharauliwa baharazani kuwa ni umaskini wa fani, huko juu ni hekima ya mapafu. Mhakiki anayepima ushairi bila ya kuuliza unaimbwa wapi, na nani, akiwa amebeba nini, hupima nusu ya kitu.

Na "akiwa amebeba nini" si neno la kupamba sentensi. Kanuni za hifadhi zinaweka ukomo wa kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni. Kuwapo kwa kanuni ni ushahidi kwamba palihitajika kanuni. Mlima huu una historia ndefu ya wabebaji wasiotajwa. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na majina yao yakaingia vitabuni siku ileile. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayesimuliwa kuwa ndiye aliyewaongoza, lilikuja kukumbukwa rasmi miaka mingi baadaye. Usiku wa kuamkia uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na Mwenge kileleni humo, kutimiza ahadi aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1959 kwamba mwenge huo umulike ng'ambo ya mipaka ukapeleke tumaini na heshima. Neno "bwana", ambalo kwa mtu wa pwani ni nidhamu ya kawaida kati ya wanaume, lilikuwa bara limenajisika kwa matumizi ya walowezi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania ilipenda zaidi kusema "ndugu". Kwa hiyo "Jambo Bwana" ukiimbwa kwenye mlima wa Mwenge unagonganisha historia mbili: ya heshima iliyodaiwa kileleni na ya utumishi unaoendelea njiani. Anayeuimba kwa furaha anajua yote mawili kuliko mhakiki.

Ndipo sasa ukulele. Wasomaji wa visiwani watakipenda chombo hiki kwa nasaba yake, kwani ni mtoto wa visiwa viwili. Agosti 1879 meli iitwayo Ravenscrag ilitia nanga Honolulu ikiwa na Wareno waliohama kisiwa cha Madeira kwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Miongoni mwao walikuwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo, waliotengeneza upya, kwa mbao za Hawaii, gitaa dogo la kwao. Mfalme Kalākaua akakipenda chombo na kukipa nafasi katika baraza lake. Jina lake kwa Kihawaii hufasiriwa kuwa ni kiroboto arukaye. Safari hiyo haitamshangaza aijuaye tashkota, iliyobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya 20, ikapitia Bara Hindi, ikaketi katika taarabu ya Mombasa kana kwamba ilizaliwa Mji wa Kale. Vyombo vidogo husafiri kwa sababu vinabebeka, na hukubalika kwa sababu havitishi.

Kiswahili nacho kilikuwa kimekwisha kuandaa mahali pa kukiweka. Lipo neno letu la zamani, "ukelele", umoja wa kelele, lenye maana ya sauti ya kupasua inayotoka mara moja. Kati ya ukelele na ukulele pana irabu moja tu, na tofauti ya irabu hiyo ndiyo tofauti ya namna mbili za kuupiga wimbo huu.

Namna ya kwanza ni ya ukelele. Vipaza sauti, gitaa la besi, ngoma, tabasamu lililokodiwa. Wimbo huo umezoeleka hivyo. Uzito wake wote umo katika besi, ambayo hutembea chini kwa mwendo wa kuyumba na kumfanya msikilizaji atikise bega kabla hajasikia neno. Maneno hupita juu yake kama mapovu.

Namna ya pili ni ya nyuzi nne. Ukulele wa kawaida hutiwa sauti za G, C, E na A, na uzi wa G, ulio karibu na kidevu cha mpigaji, haushuki chini kama inavyotarajiwa na wapiga gitaa, bali umekaa juu ya C na E. Matokeo yake chombo hakina sakafu. Hakina besi ya kumtembeza mtu. Sauti zote ziko karibu karibu, kama watu waliokaa mkeka mmoja. Wimbo ukipigwa hapo unavuliwa nguo zake za jukwaani, na yanayobaki ni maneno na mdundo wa vidole.

Na ni wimbo usiomnyima mwanafunzi. Kodi tatu zinatosha, na kwenye chombo hiki zinahesabika kama mtoto ahesabuvyo: kodi ya C inataka kidole kimoja, katika nafasi ya tatu ya uzi wa A, kodi ya F inataka viwili, kodi ya G7 inataka vitatu. Mkono wa kulia hucharaza chini na juu, kwa wepesi, kwa ncha ya kidole cha shahada. Ni kweli kwamba nyuzi za nailoni hulegea na kukaza kadiri joto linavyobadilika, na kati ya migomba ya Marangu na mawe ya Kibo mpigaji atazikaza upya mara nyingi. Ni kweli pia kwamba hewa kavu ya juu huweza kuupasua ubao mwembamba. Lakini uzito wa chombo haufiki kilo moja. Na hapa pana swali ambalo mpenda muziki hana budi kujiuliza kabla hajacharaza: kilo hiyo imo katika mfuko wa nani? Ikiwa imetiwa katika mzigo wa mpagazi, basi furaha ya wimbo imekwisha kuwa na mbebaji kabla haijasikika.

Faida ya nyuzi nne haimo katika urahisi pekee. Imo katika ukimya. Gitaa la umeme haliwezi kunyamaza bila ya kuonekana limeharibika. Ukulele hunyamazishwa kwa kuulaza mkono juu ya nyuzi, na ukimya wake huwa ni sehemu ya wimbo. Mpigaji mwenye akili ataupiga wimbo mara ya kwanza kama ulivyotungwa, kwa heshima ya mtunzi. Mara ya pili atafika kwenye swali la habari, atalaza mkono, na hatajibu. Atangoja. Katika ungojeaji huo, wimbo uliokuwa na sauti moja unapata ya pili. Aliyeulizwa, awe mgeni au mpishi wa msafara au kijana wa kwanza mwaka huu kubeba mahema, atasema neno lake, kwa Kiswahili, kwa Kichagga, kwa lugha yoyote, nalo huenda lisiwe jibu la kufurahisha. Huenda akasema goti linamuuma. Huenda akauliza na yeye. Hapo ndipo nyuzi ziendelee.

Yapo mapingamizi ya haki dhidi ya pendekezo hili. La kwanza ni kwamba mpagazi hakuomba kuulizwa habari na wimbo. Aliomba ujira wa haki na mzigo wa halali, na hakuna namna ya kucharaza itakayochukua nafasi ya hayo. Ni kweli tupu. Uhakiki hauongezi shilingi katika mkono wa mtu. La pili ni kwamba furaha ya wapagazi wanapoimba si ya uongo, na mhakiki anayeigeuza kuwa msiba anawanyang'anya kitu chao. Hili nalo lina nguvu. Wanaoimba pamoja baada ya siku sita za baridi wana sababu zao za kufurahi: wamefika chini wote, ni wazima, wanarudi kwao. Wimbo haukuwapa furaha hiyo. Umewapa tu mahali pa kuiweka. Lakini hoja hizi mbili haziubatilishi uchunguzi wa maneno. Zinauongezea. Zinasema kwamba nusu ya salamu isiyoandikwa inajulikana vyema na wanaoimba, na asiyeijua ni anayeimbiwa.

Kuhusu anayeimbiwa, pana mfano wa kumalizia hoja. Mwaka 1994 filamu ya Marekani iitwayo The Lion King iliyafanya maneno "hakuna matata" kuwa jina la wimbo mwingine kabisa, na mwaka 2003 kampuni ya Disney ikayasajili Marekani kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 lilianzishwa ombi la kupinga usajili huo, likatiwa saini na zaidi ya watu laki moja. Wanasheria walieleza kwamba alama ya biashara haimzuii mtu kusema. Ni sawa kisheria. Lakini aliyezaliwa katika lugha hii anajua kuwa salamu ni amana, haina mwenye kuisajili, kwa sababu haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Huanza kinywani mwa huyu na hukamilika kinywani mwa yule. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani, alikwenda na Kiswahili kilichosimama wima, na wasikilizaji wake walikuwa watu wa kwao, wanaoweza kumjibu. "Jambo Bwana" ulitengenezwa kwa msikilizaji asiyeweza kujibu. Hiyo ndiyo tofauti, wala haihusiani na uzuri wa sauti.

Hukumu basi iwe hivi. "Jambo Bwana" si wimbo mbovu, wala si shairi. Ni salamu iliyokatwa katikati kwa sababu za kibiashara na mtunzi aliyeijua kazi yake, na iliyopelekwa na wapagazi wa Kilimanjaro hadi mahali ambapo kukatwa kwake kunaonekana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hiyo hufahamika kwa upande wa faida: mgeni analeta, mwenyeji anapata. Lakini kupona hutanguliwa na kuulizwa unaumwa nini. Mwenye ukulele na akae kwenye ukuta wa mawe pale langoni, acheze kodi zake tatu, afike kwenye swali, kisha anyamaze muda wa kutosha mtu kujibu.